Leseni Haihami: Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Utabibu

Rasimu ya mwongozo wa utabibu, iliyofasiriwa kwa ajili ya waganga wa mikoa ya Mbeya na Iringa, ililetwa mezani kwangu ili ihakikiwe. Asili yake ni ya Marekani, nayo yaeleza jinsi daktari mwenye leseni ya mahali pamoja anavyoweza kutibu mahali pengine msiba wa umma unapotokea. Mfasiri ameandika: “uhamishikaji wa leseni katika mipaka ya majimbo wakati wa hali ya hatari”. Sarufi yake haina kasoro, lakini istilahi zake tatu zampoteza msomaji.

Tuanze na iliyo nyepesi. Kwa mtu wa Iringa leo, jimbo ni eneo la mbunge. Wazee huenda wakakumbuka Jimbo la Nyanda za Juu Kusini la zama za ukoloni. Huko Marekani kila jimbo hutoa leseni yake. Kwetu, aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika hutibu Mafinga kama atibuvyo Tukuyu. Mipaka inayotuhusu ni ule wa Bara na Zanzibar, kwa kuwa afya si jambo la Muungano, na ule wa Mto Songwe pale Kasumulu, wilayani Kyela, ambako ng’ambo ni Malawi. “Mipaka ya mamlaka” ingalitosha.

Hali ya hatari ni kosa zito zaidi. Katika Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 32, hayo ni maneno ya kisheria, na atangazaye hali hiyo ni Rais. Dharura nayo ni ya majeruhi atokwaye damu kwenye mteremko wa Kitonga, asiyengoja tangazo la mtu. Kati ya hayo mawili pana maafa, neno lililokwisha kupewa sheria yake mwaka 2022. Mganga mkuu wa wilaya akiifuata rasimu hii neno kwa neno, kipindupindu kikizuka Kyela atadhani haruhusiwi kumpokea daktari wa nje mpaka Ikulu iseme.

Uhamishikaji ndio ulionisumbua zaidi. Tumezoea kusikia hati ya kiwanja au kadi ya gari ikihamishwa: jina la kwanza hufutwa, la pili huandikwa. Leseni ya daktari haimtoki mwenyewe. Kinachotendeka ni kwamba baraza la upande wa pili huitambua. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyotiwa saini mwaka 2009, ina ibara ya 11 juu ya kutambuana kwa sifa za kitaaluma. Hata hilo silipendi hapa. Kutambuana ni kwa pande mbili zilizokwisha kuafikiana, na Malawi haimo katika Jumuiya hiyo. Wakati wa maafa mwenye shida ndiye atambuaye, peke yake, bila ya kungoja kulipwa fadhila. Tena kitenzi “kutambua” humlazimu mwandishi kutaja mtendaji: ni baraza, ni waziri, au ni mganga mkuu? “Uhamishikaji” humruhusu kunyamaza, na rasimu yote imenyamaza hivyo.

Nimependekeza iandikwe: “Baraza kutambua, wakati wa maafa, leseni za madaktari wa mamlaka nyingine”. Mfasiri amelalamika kwamba ni refu. Ni refu kweli.