Nani Anasikia Filamu Zetu?

Filamu nyingi zinazotengenezwa na vijana wetu hapa Kakuma siku hizi zinapendeza macho. Nalisema hilo mapema, mtu asidhani nimekuja kubomoa. Picha ni safi, kila mkunjo wa uso wa mzee unaonekana, na nyuma yake mabati na miti ya mathenge imefifia vizuri kama kwenye sinema za nje. Shida inaanza mzee akifungua mdomo. Upepo unaingia kwanza, halafu jenereta ya duka la jirani, halafu ndiyo sauti yake inafika kutoka mbali, kana kwamba anaongea akiwa ndani ya pipa. Na chini ya picha yanapita maandishi ya Kiingereza, meupe, yamepangwa vizuri, hayana kosa hata la herufi moja.

Hayo maandishi ndiyo yamenifanya niandike. Siku ya maonyesho, kwenye viti vya mbele wanakaa wageni na watu wa mashirika. Wao wanasoma, kwa hiyo filamu wanaipata yote. Nyuma, kwenye mikeka na madumu, wanakaa kina mama kutoka Fizi na Uvira, na majirani zao Warundi, ambao wengi Kiingereza hawasomi. Wao wanategemea masikio. Mzee aliye kwenye skrini anaongea lugha yao, pengine hata ni mtu wa bloku yao, lakini hawamsikii. Baada ya dakika 5 wanaanza kupiga soga zao. Kesho yake utasikia mtu anasema eti watu wetu hawana utamaduni wa kutazama filamu za maana. Jamani! Wewe ungetazama nini hapo?

Kwa hiyo mimi sauti siiweki kwenye mambo ya kiufundi ya kumwachia fundi. Sauti mbovu ndiyo inayoamua filamu ni ya nani. Ikiwa filamu inaeleweka kwa anayesoma tu, basi tumemtengenezea mgeni filamu kuhusu sisi, kwa mikono yetu wenyewe.

Kamera zina sehemu yao ya lawama. DSLR ilibuniwa kwa ajili ya picha za mnato. Canon 5D Mark II ilipotoka mwishoni mwa 2008 ikiwa na uwezo wa kupiga video, watengenezaji filamu wasio na pesa duniani kote waliikimbilia kwa sababu ya lenzi zake na ule ukungu laini wa nyuma. Upande wa sauti haikuwa na hata tundu la hedifoni, na ilibidi watu wangoje hadi 2010 ndipo Canon ikatoa programu mpya ya kumwezesha mtu kupanga kiwango cha sauti kwa mkono. Tundu la hedifoni lilikuja na Mark III, mwaka 2012. Zile kamera ndogo za bei nafuu, ambazo zinafika kambini zikiwa zimeshapita mikono mitatu minne, nyingi hazinalo kabisa. Yaani kijana anarekodi sauti asiyoisikia, kama mpishi aliyekatazwa kuonja.

Halafu kuna ile tabia ya kamera kupandisha na kushusha sauti yenyewe. Hii naichukia kuliko zote. Mama anasimulia, kamera inashusha. Mama ananyamaza, anameza mate, anatafuta neno. Kamera inaona kimya, inapandisha sauti kumtafuta, na jenereta inajaa masikioni kwetu. Katika ushuhuda wa aliyefiwa, kile kimya kinabeba mambo ambayo mdomo umeshindwa kuyatoa. Mtazamaji aliyepitia mambo kama hayo anakijua, na angekaa nacho. Kamera inamletea mngurumo. Basi mhariri, akiona pamechafuka, anamwaga kinanda juu yake, nyuzi za huzuni za kupakua bure, na sasa mama analia ndani ya muziki ambao hakuuomba. Nimekaa kwenye maonyesho nikahesabu filamu tatu mfululizo zenye kinanda cha namna hiyo hiyo. Wageni walifuta machozi. Ukiniuliza mimi, kile kinanda ni turubai la kufunikia shimo.

Walio makini wameshajua dawa: maiki isikae juu ya kamera. Ukiisogeza ikawa nusu ya umbali uliokuwapo, sauti ya msemaji inapata desibeli 6 zaidi, na jenereta inabaki ilivyo. Haihitaji kifaa cha ajabu. Kinasa sauti kidogo kikipatikana, vizuri. Kisipopatikana, chukua simu yenye programu ya kurekodi, chomeka maiki ndogo ya kubana kwenye kola, simu ikae mfukoni mwa msemaji, mitandao yote imezimwa ili isilie katikati ya kifo cha mtu. Kwa upepo wetu huu wa Turkana, ivishe maiki manyoya au kipande cha blanketi. Rekodi kwa WAV, kilohezi 48, maana video nayo inatumia hiyo, na sauti kubwa kabisa ya msemaji iishie karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Ikigonga sifuri imepasuka, na iliyopasuka hairudi. Na mtu mmoja avae hedifoni muda wote, asifanye kazi nyingine. Kwenye vikundi vyetu huyo huwa hayupo. Wote wanataka kushika kamera.

Sasa sauti iko huku na picha iko kule, na hapo wengi wanajikwaa mara ya pili. Nimeona filamu ambayo sauti ilikuwa nzuri sana, ya karibu, unasikia pumzi, lakini midomo ilikuwa inachelewa. Watu wakacheka. Msichana alikuwa anaeleza walivyovuka Ziwa Tanganyika usiku, na watu wakacheka.

Mtu ataniambia sisi tumezoea sauti isiyofuata midomo. Ni kweli. Kenya kuna DJ Afro, Tanzania alikuwapo marehemu Lufufu, wakizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu kwa juu, na hakuna aliyelalamika kwamba mdomo unasema hili na sauti inasema lile. Lakini pale mtazamaji anaujua mchezo, na msimulizi ndiye aliyemfuata. Kwenye ushuhuda, mdomo ukiachana na sauti, msemaji anaonekana anasemewa. Na sisi kwa kusemewa tumechoka: kwenye fomu, kwenye usaili, kwa wakalimani wanaofupisha dakika 10 kuwa sentensi 2. Msichana yule alistahili angalau maneno yake yatoke mdomoni mwake mwenyewe.

Kuzilinganisha si kazi ya uchawi. Wacha maiki ya kamera nayo irekodi, hata kama ni mbovu, maana ndiyo itakayokuongoza. Kabla msemaji hajaanza, washa vyote viwili, taja kwa sauti jina na namba ya klipu, kisha piga kofi moja mbele ya lenzi, mikono ionekane. Kwenye kuhariri utaona ule mlima mkali wa kofi kwenye mawimbi yote mawili. Upandishe mmoja juu ya mwenzake, hakikisha na picha viganja vinapogusana, halafu uzime sauti ya kamera. Programu kama DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure, inaweza kulinganisha mawimbi yenyewe, lakini nayo inahitaji kwamba kamera imesikia kitu. Kamera ikikaa mbali, kwenye kelele, haina cha kushika. Kofi linakuokoa.

Video ikiwa ya fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kamera iliyosimama mita 14 kutoka kwa msemaji inamsikia kwa kuchelewa fremu nzima, ilhali maiki ya kola imemsikia palepale. Ndiyo maana unaweza kulinganisha mawimbi yakakaa sawasawa na bado midomo ikakusumbua: amini mdomo, sogeza fremu moja. Tena saa ya kinasa sauti na saa ya kamera hazitembei sawa kabisa. Kwenye mazungumzo marefu zinaachana kidogo kidogo, mwanzo uko sawa na mwisho umepotea. Piga kofi la mwisho pia. Canon nyingi za zamani husimama zenyewe baada ya dakika kama 12, faili likifika GB 4; ukianza klipu mpya, kinasa sauti kiendelee, kofi lipigwe upya. Msemaji aelezwe mapema, jamani, asipigiwe kofi usoni akiwa katikati ya machozi.

Na kabla ya kuondoka, nyamazeni wote dakika moja, rekodini mahali palivyo: mbuzi, watoto, mabati yakilia kwa jua. Hiyo ndiyo itajaza mikato ya mhariri badala ya kinanda.

Mfano wa kutazama upo. Dieudo Hamadi, mwenzetu wa Kisangani, alitengeneza Maman Colonelle, filamu ya 2017 inayomfuata afisa wa polisi wa kike anayehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Haina msimulizi wa kutueleza tuone nini. Kila kitu kiko kwenye watu wanaongea, wanabishana, wanashitaki. Filamu ya namna hiyo, ukiipokonya maneno yake, unabaki na watu wanaochezesha mikono. Na asije mtu kusema ni suala la bei: Midnight Traveler ya 2019, ya Hassan Fazili na familia yake waliokimbia Afghanistan, ilipigwa kwa simu tatu. Hakuna aliyewauliza lenzi iko wapi.

Ndugu zetu wa mashirika nao nina neno kwao. Orodha za vifaa ninazoziona huwa na lenzi mbili tatu, taa, mara ndege isiyo na rubani ya kupiga mahema kutoka juu. Maiki inakuja mwisho, mara nyingi haiji. Na mnapopitia kazi, mnaipitia ofisini kwa laptopu, mkisoma maandishi. Siku moja zimeni maandishi, mwiteni mama yeyote anayepanga foleni ya maji hapo nje, akae, asikilize, halafu mwulizeni filamu inasema nini.

Jambo la mwisho ni la faili. Filamu ya dakika 8 inakatwa kutoka kwenye mazungumzo ya saa nzima, na hiyo saa nzima, ya sauti safi, huwa inafutwa ili kadi ipate nafasi. Wazee wanaoongea Kibembe na Kifuliiru cha zamani si wengi hapa. Kabla ya kufuta, mnakilie mwenye sauti kwenye kadi ya simu, yote, pamoja na kofi na kikohozi. Wajukuu wake wana simu.