Kitabu Si Balozi

Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza pale Nairobi ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Hiyo stori tunaijua. Ambayo wengi wetu hatuijui ni hii: wiki mbili baadaye, tarehe 6 Novemba, wanafunzi wa San Francisco State, Marekani, waligoma. Weusi, Walatino, Waasia na Wenyeji asilia waligoma hadi Machi 1969, na chuo kikakubali kufungua kitivo cha kufundisha historia na fasihi za jamii zao. Sisemi waliambiana. Nasema swali lilikuwa moja: nani anasomwa darasani?

Wakati huo vita vya Vietnam vilikuwa bado vinawaka. Wavietnam wengi walifika Marekani baada ya Saigon kuanguka mwaka 1975, wakakuta mlango umeshafunguliwa na wengine. Isabelle Thuy Pelaud, aliyekuja kufundisha chuoni hapo, alianzisha DVAN mwaka 2007 pamoja na mwandishi Viet Thanh Nguyen. Ni mtandao wa waandishi na wasanii wa Kivietnam walioko ughaibuni. Mwaka 2016 riwaya ya Nguyen, The Sympathizer, ikashinda Tuzo ya Pulitzer. Ghafla kila mtu akataka kusoma Wavietnam.

Hapo ndipo shaka yangu inapoanzia. Ni rahisi sana kwa kampasi kuinua fasihi kwa meza. Mei, mwezi wa urithi wa Waasia huko Marekani, inafika. Vitabu vinapangwa mlangoni mwa maktaba, picha zinapigwa, Juni meza imeondolewa. Kitabu kinageuzwa balozi: kije, kilie kuhusu vita, kishukuru, kiende zake.

Chukua The Best We Could Do ya Thi Bui, kumbukumbu ya michoro iliyotoka 2017. Ukiiweka kwenye meza hiyo, utaambiwa ni kitabu cha wakimbizi wa mashua. Ni kweli, familia yake ilitoroka kwa mashua mwaka 1978 hadi Malaysia. Lakini kitabu kinaanzia wodini, Bui akijifungua mtoto wake, akijiuliza sasa yeye ni mama wa aina gani. Swali lake kubwa ni jinsi ya kumpenda baba aliyekuogofya ukiwa mdogo, baada ya kugundua kwamba na yeye alikuwa mtoto mwenye njaa na woga. Kuna kabrasha la hati muhimu za familia ambalo lazima liwe tayari siku ya kukimbia. Bana, nani hapa hajaona mamake akificha vyeti vyote kwenye bahasha moja chini ya godoro? Sikuhitaji mhadhara wa vita ndio nielewe ukurasa huo.

Halafu kuna hilo jina, "Asia ya Kusini-Mashariki", linalowameza watu. Kao Kalia Yang, mwandishi wa The Latehomecomer, alizaliwa mwaka 1980 katika kambi ya Ban Vinai nchini Thailand. Yeye ni Mhmong. Watu wake walipiganishwa na CIA katika vita vya siri vya Laos, na hawana nchi yenye jina lao. Ukimpanga tu pembeni ya Wavietnam, umemfuta mara ya pili. Sisi tunaoitwa "waandishi wa Kiafrika", wote kapu moja, tunalijua hilo.

Nguyen mwenyewe ana hoja ninayoikubali: wenye nguvu wana hadithi tele, kwa hivyo filamu yao moja ikiwa mbovu, hakuna anayewahukumu wote. Wachache wana hadithi chache, kila moja inabebeshwa taifa zima. Dawa ni wingi: vitabu vizuri, vya kawaida, hata vya ovyo. Wingi hauji kwa meza ya mwezi mmoja. Unakuja kwa kozi ya kudumu, mwalimu aliyeajiriwa, na bajeti ya maktaba inayonunua kitabu cha pili na cha tatu cha mwandishi yuleyule.

Kwa hivyo kama unaendesha klabu ya vitabu kampasi, msome Bui. Ila usianze kwa kuuliza anatufundisha nini kuhusu Vietnam. Uliza kwanza kwa nini yule baba anaogopesha, na ni ukurasa gani ulioanza kumhurumia.