Sauti Iliyobaki: Muziki na Msimulizi katika Who Killed Captain Alex?

Filamu ya Who Killed Captain Alex? ilitengenezwa mwaka 2010 na Nabwana I.G.G. katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Kisa chake ni chepesi: Kapteni Alex anatumwa kulikabili genge la Tiger Mafia, anauawa, na ndugu yake, bingwa wa kung fu, anatafuta kisasi. Swali lililo katika jina la filamu halijibiwi hadi mwisho. Hata hivyo, filamu hii imepata wapenzi wengi ulimwenguni, na siri ya mvuto wake imo zaidi katika kinachosikika kuliko katika kinachoonekana.

Juu ya mazungumzo ya Kiganda imepachikwa sauti ya VJ Emmie. Kwa Kiingereza, anawatania wahusika, anawasifu waigizaji, anatangaza pigano kabla halijaanza na kukumbusha kila mara kwamba hii ni sinema, tena ya Uganda. Helikopta ya kompyuta inapoishambulia Kampala, msimulizi hajaribu kuuficha uchanga wa ufundi, anaualika ushangiliwe. Kwa njia hiyo, filamu ya mapigano inageuka kuwa filamu kuhusu utengenezaji wa filamu.

Muziki nao unafanya kazi hiyohiyo. Mahadhi ya “Kiss from a Rose”, wimbo wa Seal uliovuma kupitia Batman Forever ya mwaka 1995, yanasikika hapa kwa sauti laini ya filimbi, yakiambatana na vurugu za makomandoo. Mhakiki mwenye haraka ataona wizi au ufukara. Lakini msikilizaji wa taarabu anajua kuwa mahadhi ya filamu za Kihindi yalitiwa maneno ya Kiswahili na kupata maisha mapya. Kinachohesabika ni kile ambacho mahadhi ya kuazima yanatenda mahali papya. Hapa yanampa Alex utukufu wa shujaa wa Hollywood, na papo hapo yanautania utukufu huo.

Mtazamaji wa Makandana, Tukuyu, aliyekulia katika vibanda umiza akisikiliza filamu za kigeni zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na Lufufu, hatahitaji kufafanuliwa dhima ya VJ Emmie. Wote wawili ni fanani wanaofaragua mbele ya hadhira. Tofauti ni kwamba Lufufu aliileta dunia ya mbali kwa watu wa nyumbani, ilhali Emmie, kwa Kiingereza chake, anaipeleka Wakaliga kwa wageni. Hapo ndipo penye udhaifu wa filamu: mara nyingine utani unamfafanulia mgeni kile ambacho mwenyeji angekicheka bila kuambiwa.

Udhaifu huo hauwezi kuondolewa kwa kurejea matini “asilia”. Nakala isiyo na msimulizi haipo tena, kwa kuwa ilifutwa kwenye kompyuta ili kuipisha kazi iliyofuata. Iliyosalia ni filamu pamoja na sauti yake. Wanafasihi simulizi hawapaswi kulishangaa hilo, kwani wengi wao hawaitengi ngano na mtambaji wake. Kanda za Lufufu zinastahili kusikilizwa kwa kanuni hiyohiyo, na kuhifadhiwa kabla nazo hazijafutwa.