Anayeandika kwa Ajili ya Mkono wa Fundi

Mwaka 1976, kwenye Makumbusho ya Sayansi ya London, saa ya maji ya Al-Jazari iliundwa upya kwa kufuata kitabu alichokimaliza mwaka 1206. Mhandisi huyo wa Diyarbakır hakuishia kusifu mitambo yake. Alieleza kila kipande kitengenezwe vipi, kiwe na kipimo gani na kiungwe wapi, kisha akaongeza michoro. Ndiyo maana namhesabu miongoni mwa wazee wa kazi ninayoiheshimu mno: kuandika miongozo ya mitambo.

Ni kazi isiyo na mashabiki. Fundi aliyesaidiwa na mwongozo mzuri humaliza shughuli yake, akaufunga, akaendelea na mengine. Lakini chukua sentensi moja tu uitazame: "Fungua mfuniko baada ya kuzima umeme." Kisarufi haina kasoro. Ila fundi husoma bisibisi ikiwa mkononi, na agizo la kwanza analokutana nalo ni kufungua. Mwandishi aliyeiva ataigawa: "Zima umeme kwenye swichi kuu. Fungua mfuniko." Sasa maneno yanakwenda kwa mpangilio ule ule wa matendo, na mwenye haraka hawezi kuruka lililo la kumwokoa.

Kwenye matengenezo ya ndege, ustadi huu umewekewa sheria. Kanuni za Kiingereza kilichorahisishwa, ziitwazo ASD-STE100, zenye chimbuko katika mwongozo uliotolewa Ulaya mwaka 1986, zinataka sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20, ibebe agizo moja, isipokuwa pale matendo mawili yanapofanyika kwa pamoja, na onyo lianze kwa agizo au sharti lililo wazi. Zilitungwa kwa kuwafikiria mafundi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza.

Hata hivyo, kupanga sentensi ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kuuliza, na mfano ninaourudia kila mara ni Therac-25, mashine ya Kanada ya kutibu saratani kwa mionzi. Mwaka 1986, huko Tyler, Texas, mhudumu aliona kwenye skrini ujumbe: hitilafu namba 54. Mwongozo wa mhudumu haukueleza maana ya namba hiyo. Kwa kuwa mashine ilikuwa na mazoea ya kutoa ujumbe wa namna hiyo bila madhara yanayoonekana, alibonyeza kitufe cha kuendelea. Mgonjwa alipigwa na mionzi mingi kupita kiasi, na baadaye akafariki. Kati ya mwaka 1985 na 1987, wagonjwa sita wa Marekani na Kanada walipata mionzi ya kupindukia kutoka mashine za aina hiyo.

Chanzo kikuu kilikuwa makosa ya programu, pamoja na kuondolewa kwa vizuizi vya kimitambo vilivyokuwepo katika mashine za awali. Mwandishi asingeirekebisha programu. Lakini mwandishi wa kweli asingekubali namba 54 ipite bila maelezo. Angemfuata mhandisi na orodha ya namba zote: hii inatokea lini, mgonjwa yuko salama, mhudumu aendelee au asimame? Mhandisi akikosa jibu, hapo mwandishi amegundua jambo zito kuliko ukurasa wowote atakaouandika.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, akili mnemba inayoandika imekuwa mikononi mwa kila mtu. Inatoa mwongozo mzima kwa sekunde chache, wenye sentensi nyoofu, na inaweza kuonyesha zilizozidi maneno 20. Sina ugomvi nayo. Kunakili aya ile ile katika miongozo mia moja hakujawahi kuwa ustadi, na ni vizuri mwandishi apumzishwe. Ninachohofia ni tajiri kudhani ustadi wote umo kwenye ukurasa uliokwisha kuandikwa. Programu hiyo hupika kutokana na ilichopewa. Wahandisi wakinyamaza kuhusu namba 54, ama itairuka, ama itaijazia maelezo yanayosikika vizuri.

Kuna zoezi ambalo waandishi bora hulifanya, na sichoki kulistaajabia. Humpa rasimu mtu asiyewahi kuuona mtambo, kisha hukaa kando kimya. Hawamsaidii. Wanatazama mkono wake tu: umesita wapi, umegusa nini kabla ya wakati, macho yamerudi kwenye mstari upi. Skrubu iliyojificha nyuma ya bomba hujulikana hapo, na hatua ambayo mhandisi aliiona ya wazi mno hata asiitaje hujitokeza hapo. Kisha mwandishi anarudi mezani na kuandika upya, pengine mara nyingi, bila kumlaumu msomaji.

Nawaomba wenye viwanda na mashirika: mkiikabidhi programu kazi ya kuandika, mlipeni mtu kwa kazi ya kuuliza na kujaribu, na msichapishe ukurasa ambao hatua zake hazijafuatwa na binadamu mbele ya mtambo wenyewe.