Dark Waters: filme ilitazama avoka, sisi tutazame wale veterineri sita

Filme Dark Waters ya Todd Haynes ilitoka mu 2019, na wengi wetu tuliiona kwa telefone, vipande vipande, kufuatana na mega zilizobaki. Juzi iliongelewa tena kati yetu sisi watu wa agro, na wote walisifu kitu kimoja tu: uhodari wa avoka. Avoka ni hodari, sikatai. Lakini mutu aliyesoma agronomia ao veterineri, kama anaitazama hii filme na anatoka paka na avoka mu kichwa, aliiona nusu.

Kwa wale hawajaiona: ni hadithi ya kweli. Mu 1998, mulimaji mumoja wa Parkersburg, West Virginia, kule Marekani, jina lake Wilbur Tennant, anamutafuta Rob Bilott, avoka wa Cincinnati ambaye kazi yake ni kutetea makompani ya shimi. Mu filme anaingia mwenyewe ku biro na makaseti ya video. Ngombe zake zinakufa, zaidi ya 150 zimeisha kwenda. Pembeni ya shamba lake kompani DuPont ilifungua jalala, mahali pa kutupa takataka za kiwanda chake cha Teflon, na kijito ambamo ngombe zinakunywa kinatoa povu. Mark Ruffalo anacheza Bilott, Bill Camp anacheza Tennant.

Bill Camp njo roho ya filme. Anaongea kwa shida, maneno yanabakia mu koo, anakasirika mbele ya kueleza, kabisa sawa vile wazee wetu wa ku shamba wakiwa mbele ya mutu wa biro mwenye kushika stilo. Na hangoji mutu. Anapasua mwenyewe mizoga, anatoa nyongo, anaonyesha meno yaliyogeuka meusi, anaweka vipande mu baridi, anafilme kila kitu. Muniambie kama hiyo si otopsi. Haina muhuri wala saini, lakini ilikuwa ni kazi ya watu wenye diploma, na yeye njo aliifanya.

Vibaya vyake vipo. Rangi ni ya baridi mwanzo mpaka mwisho, na mutu anachoka. Anne Hathaway, bibi wa avoka, walimupa kazi ya kulalamika ku nyumba tu. Sitakawia hapo.

Penye nataka tukawie ni ile raporo. Kuliundwa kikundi cha veterineri sita kwa kuchunguza kundi la Tennant: watatu walichaguliwa na DuPont, watatu na EPA, shirika la leta ya Marekani lenye kulinda mazingira. Walimaliza kazi, wakaandika. Waliona nini? Kwamba kosa ni la mulimaji: chakula kibaya, matunzo madogo ya dawa, nzi hazifukuzwe. Mu filme inapita kwa dakika chache, Tennant anakasirika, tunaendelea na avoka. Mimi nilirudisha nyuma nikaitazama tena, juu hawa sita ni sisi. Si wezi wa filme. Ni watu walioenda shule, walioshuka ku terrain, walioona ngombe kweli zikiwa zimekonda na nzi kweli zikiwa mingi. Pengine hakuna hata neno moja mu ile raporo ambalo ni uongo kwa macho yao. Kitu kilichoua hakikukuwa ku liste yao, na hawakukitafuta.

Hapo njo somo la kugundua uchafu wa shimi mu maji na mu chakula linapoanza, na filme haikulifundisha vizuri. Watu wanafikiri labo ni kama jicho: unaleta maji, mashine inakuambia kila kitu kilicho ndani. Hapana. Labo inajibu paka swali uliloliuliza. Bande ya kupima maziwa iliyotengenezwa kwa ajili ya penisilini haitakuonyesha sulfamidi, hata kama maziwa yamejaa sulfamidi. Pima pH na joto ya maji yenye arseniki, pH itakuwa muzuri. Kitu cha DuPont kiliitwa PFOA, wao walikiita C8, na hakikukuwa ku liste ya vitu ambavyo sheria ilikuwa inalazimisha kupima. Bilott mwenyewe alikutana na jina lake mara ya kwanza mu 2000, mu barua moja, na hata mutaalamu wake hakukuwa anakijua.

Na je, ilikuwa haijulikane kwa kweli? DuPont ilikuwa inajua kukipima. Mu 1984 wafanyakazi wake walichota maji ya robine ku maduka ya kandokando, wakapima, wakaikuta. Mu 1991 kompani ilijiwekea yenyewe kikomo kwa maji ya kunywa: 1 ppb, maana yake mikrogramu 1 mu litre 1. Kwa wale wa sheria na uchumi wanaosoma hapa: chukua malori 100 ya maji, kila moja litre 10.000, umwange ndani gramu 1. Hiyo njo 1 ppb. Yote hayo yalikuwa mu karatasi zilizofungwa. Mahakama ilipolazimisha, kompani ilituma zaidi ya ukurasa 110.000, na sehemu nzuri kabisa ya filme ni Ruffalo kukaa chini, katikati ya makarto, akizipanga kwa tarehe. Kwa hiyo mimi sikubali wanaposema “sayansi ilikuwa bado haijafika”. Sayansi ilifika mapema, ilibakia mu kabati ya mutu.

Halafu kuna namba ambayo filme inaigusa na kuiacha. Mu 2002 kikundi cha wataalamu wa jimbo la West Virginia kilitangaza kwamba mu maji ya kunywa kikomo kiwe 150 ppb. Kutoka 1 mpaka 150. Maji hayakubadilika, watu hawakubadilika, ila neno “salama” lilihama. Mu 2024 EPA iliweka kikomo cha inchi nzima: 4 ppt, ambayo ni ndogo mara 37.500 kuliko ile 150 ppb. Ningekuwa mwenye kuandika filme, ningekaa na hizi namba tatu nusu saa nzima. Mwanafunzi anayeandika mu memware “matokeo yako chini ya norme” angejua kuuliza: norme ya nani, ya mwaka gani?

Ile sehemu ya damu, lakini, waliifanya kwa heshima. Watu karibu 69.000 walitoa damu, kila mumoja akapewa dola 400, halafu wakangoja. Wangoja miaka. Filme inakuwa polepole, watu wanamutukana avoka ku restora, na wengine waliiona kuwa ya kuchosha. Mimi naona ni ukweli, juu kupima watu wengi namna ile na kulinganisha magonjwa yao si kazi ya wiki mbili. Mu 2012 wale wanasayansi watatu walimaliza: waliona uhusiano na magonjwa sita, kati yao kansa ya figo na kansa ya korodani. Wilbur Tennant alikuwa ameisha kufa, mu 2009.

Mwisho wa filme unatuachia wazo kwamba namba ikisha kupatikana, kilichobaki ni avoka mwenye moyo. Sisi wa Katanga tuko na sababu ya kutoamini hivyo upesi. Ule mwaka wa 2009, watafiti wa Université ya Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya mukojo wa watu 351. Wenye kukaa chini ya kilometre 3 na mine ao fonderie walikuwa na kobalti mingi kuliko watu wa Kamina, kiasi ambacho hakikukuwa kimeandikwa bado popote kwa watu wa kawaida, wasio wafanyakazi wa kiwanda. Watoto walipita wakubwa. Mu 2014 kazi ingine ilitafuta njia kobalti inapopita: mboga na vyakula vya palepale, samaki kwa wenye kukaa pembeni ya ziwa, na vumbi kwa watoto. Ni matembele na lenga-lenga ambazo tunakula na bugali, si kitu cha mbali. Kwa hiyo sisi hatukukosa namba. Hatukukosa hata kuzichapisha, ziko mu revue za watu wazima. Zilibakia kule, kwa kizungu, na soko iliendelea.

Najua jibu la wenzangu: labo iko bei, na mashine ya kupima metali mu maji kwa mikrogramu si ya kila mutu. Ni kweli. Lakini inchi ya mine haikosi wenye kujua kupima kobalti, makompani yanaipima mu mawe kila siku. Kipimo cha mawe na cha maji si kimoja, hiyo pia najua, ila ujuzi uko karibu kuliko tunavyosema. Na kuna kitu ambacho hakiombi hata franka moja: kuandika mu raporo vitu gani vilipimwa, vipi havikupimwa, na kiasi kidogo ambacho mashine inaweza kuona. “Haikuonekana” na “haimo” ni maneno mawili. Wale veterineri sita wangeandika musitari mumoja kwamba takataka za jalala hazikuchunguzwe, Tennant angekuwa na kitu cha kushika mu mukono.

Mwaka jana nilisoma raporo ya maji ya muto mumoja, kazi iliyolipwa na kompani nisiyotaja. Ukurasa 80 na picha za rangi. pH, joto, konduktivite, bakteria. Neno la mwisho: maji yanafaa kumwangilia mboga. Kobalti haikuandikwa hata mara moja, na juu ya ule muto kuna fonderie. Nilimuuliza mwandishi, tulisoma pamoja, juu ya nini hakuiomba. Akanijibu kwa upole kabisa: “Haikukuwa mu kontra.”