Kicheko Asichokitaka Mtunzi: Hadhira na Katuni ya Titanic

Mwanafunzi wa fasihi huzoea kuhakiki kazi nzuri. Tunampa riwaya iliyoteuliwa na jopo, diwani iliyokwisha kusifiwa, tamthiliya ya mtunzi mwenye jina, naye hutafuta uzuri uliothibitishwa na waliomtangulia. Kazi mbovu haipati nafasi darasani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi mbovu nayo ni mwalimu, hasa tukichunguza namna hadhira inavyoipokea.

Kazi tunayoizungumzia ni filamu ya katuni yenye nyimbo, iliyotengenezwa Italia mwaka 2000 na kuongozwa na Camillo Teti. Kwa Kiingereza huitwa Titanic: The Legend Goes On. Msomaji atakumbuka kuwa meli ya Titanic iligonga siwa barafu usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, ikazama saa nane na dakika ishirini usiku huo huo, na watu zaidi ya 1,500 wakafa. Katika filamu hii, Angelica, msichana fukara anayenyanyaswa na mama wa kambo na binti zake wawili, anapendana na kijana tajiri aitwaye William, huku akimtafuta mama yake mzazi. Kando yao wamo panya na wanyama wengine wanaosema. Mara, bila taarifa, mbwa mmoja anasimama na kuimba muziki wa kufokafoka.

Hadhira imecheka, na imecheka pasipotakiwa. Kwa miaka mingi filamu hii imetajwa miongoni mwa zile zilizopewa alama za chini kabisa na watazamaji katika hifadhi ya filamu ya IMDb. Malalamiko ni yale yale: michoro inayotembea kwa kukwama, wahusika wanaofanana mno na wale wa Disney, kisa kilichoazimwa kwa Cinderella, na zaidi ya yote yule mbwa. Hata hivyo watu hawaachi kuitazama. Wanaitafuta na kuwaita wenzao waje waone maajabu. Kwa nini?

Jibu la haraka ni kwamba watu wanacheka kwa sababu mbwa haimbi. Jibu hili halitoshi. Sisi tuliolelewa kwa ngano tumemsikia Sungura akihukumu kesi na Fisi akiposa mke, wala hatukumcheka bibi kwa kusema uwongo. Fanani alisema “Paukwa!” nasi tukajibu “Pakawa!” Hapo mapatano yalikuwa yamefungwa: tumekubali kuingia katika ulimwengu ambamo mnyama husema. Uwongo wa ngano una mlango, na hadhira huvuka mlango huo kwa hiari yake.

Filamu ya Teti haina mlango huo. Inachukua jina halisi, bahari halisi na usiku halisi wa mwaka 1912, kisha inadai tuishi humo kama katika ngano. Muziki wa kufokafoka ulizaliwa Bronx, New York, katika miaka ya 1970. Kuusikia ndani ya Titanic ni upotovu wa wakati. Lakini hata kama mbwa angeimba wimbo wa mwaka 1912, kasoro ingebaki. Wimbo wake hauendelezi msuko wala haumfunui mhusika yeyote. Ung'oe, na hadithi haitatikisika. Kwa hiyo kicheko cha hadhira ni uhakiki wa fani, hata kama anayecheka hajui istilahi hiyo.

Tulinganishe na katuni nyingine ya Italia, The Legend of the Titanic ya mwaka 1999, iliyoongozwa na Orlando Corradi na Kim J. Ok. Humo papa wanamlaghai pweza mkubwa mno arushe barafu, kisha pweza huyo huyo, kwa majuto, anasaidia kuwaokoa abiria. Hakuna anayekufa. Kiufundi pweza huyu ana haki zaidi kuliko yule mbwa: yeye ni sehemu ya msuko, na pia tunasimuliwa kisa na panya mzee anayewasimulia wajukuu, jambo linalokaribia mapatano ya ngano. Lakini kimaadili mzigo wake ni mzito zaidi. Mbwa anaharibu toni ya msiba. Pweza anaufuta msiba wenyewe.

Hapa ndipo kicheko kinapopaswa kusita. Filamu hizi zilipotoka, Millvina Dean alikuwa bado hai. Alipandishwa Titanic akiwa mtoto mchanga wa miezi miwili hivi. Baba yake hakurudi. Alikataa kuitazama filamu maarufu ya James Cameron ya mwaka 1997, akieleza kuwa ingemfanya awaze yaliyompata baba yake. Alifariki mwaka 2009, akiwa manusura wa mwisho. Kukataa kutazama nako ni mwitikio wa hadhira, na nadharia zetu za upokezi hazina budi kukihesabu kiti kilichobaki kitupu.

Jambo hili si la mbali nasi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Je, tungeicheka katuni yenye mbwa anayefoka ndani ya MV Bukoba? Wengi wetu tungezima runinga. Tunaicheka ya Titanic kwa sababu umbali wa miaka na wa bahari umetupa ruhusa ambayo wafiwa hawakuitoa. Hii haina maana kwamba msiba usitungiwe kazi kwa ajili ya watoto. Watoto nao hufiwa, na ngano zetu hazikuwaficha kifo. Maana yake ni kwamba atumiaye jina la waliokufa amekopa, na deni hilo hulipwa kwa uangalifu.

Kwa walimu wenzangu nina pendekezo moja. Waonyesheni wanafunzi dakika chache za kazi mbovu, waacheni wacheke, kisha waandike ukurasa mmoja wakieleza kilichowachekesha bila kutumia maneno “mbaya” wala “upuuzi”. Watalazimika kutaja msuko, toni, wakati na mapatano. Wengine watagundua kwamba walichokuwa wakikicheka kina makaburi ndani yake, na hapo watakuwa wameanza kuhakiki.