Toleo Lipi Linunuliwe Kwanza?

Mtu akienda kununua hadithi yenye juzuu sita, hakuna atakayemshauri aanze na juzuu ya sita. Jambo hilo ni wazi hata kwa mtoto. Walakini katika ununuzi wa michezo ya kompyuta kosa hilo hutendwa na watu wenye akili timamu, nao wakiisha kulitenda huulaumu mchezo badala ya kuulaumu uchaguzi wao. Kwa hiyo, msomaji, natupime pamoja mchezo mmoja mashuhuri, Final Fantasy XIV, wa kampuni ya Square Enix ya Japani, tuone katika matoleo yake ni lipi linalostahili fedha yako ya kwanza.

Mchezo huu ni wa aina ambayo mchezaji hujivika nafsi ya mtu wa kubuni, akaingia kwa njia ya intaneti katika nchi iitwayo Eorzea, akakutana humo na maelfu ya wachezaji wenzake. Ulitolewa mara ya kwanza mwaka 2010, nao haukupendeza. Kampuni iliungama kosa, ikamkabidhi Naoki Yoshida kazi ya kuujenga upya. Novemba 2012 mchezo wa zamani ulifungwa: katika hadithi, mwezi mdogo uitwao Dalamud ulipasuka angani, na nchi ikateketea. Agosti 2013 nchi ile ilifunguliwa tena kwa jina A Realm Reborn. Ni nadra kumwona msanii akiichoma kazi yake mbaya hadharani, kisha akayafanya majivu yake kuwa mwanzo wa hadithi njema.

Baada ya hapo zilifuata juzuu tano: Heavensward mwaka 2015, Stormblood 2017, Shadowbringers 2019, Endwalker 2021 na Dawntrail 2024. Hadithi hizi zafuatana, na mlango wa juzuu ya pili haufunguki mpaka ya kwanza imalizwe. Hapo ndipo ulipo mtego. Juzuu mpya ndiyo yenye picha za kuvutia na matangazo makubwa. Dawntrail ilipotoka, toleo kamili lenye juzuu zote liliuzwa kwa takriban dola 60, na toleo la mwanzo, lenye juzuu tatu za kwanza, kwa takriban dola 20. Anayeanza na toleo kamili hulipia nchi ambayo hataiona ila baada ya mamia ya saa. Yako pia matoleo ya fahari yenye mapambo, kama chombo cha kupanda na mwanasesere wa kufuatana nawe. Mapambo hayo hayaongezi hata sentensi moja katika hadithi.

Huenda ukasema, "Kampuni huuza pia ruhusa ya kuruka juzuu za mwanzo, kwa nini nisiinunue, nikawafikie rafiki zangu walio mbele?" Hoja hiyo haikosi uzito, kwa kuwa mchezo ni ushirika. Lakini fikiri kinachopotea. Katika Heavensward, watu wa mji wa Ishgard wamepigana na majoka kwa muda wa miaka elfu, na mchezaji hugundua polepole kwamba chuki yao imejengwa juu ya historia iliyofichwa ukweli wake. Katika Shadowbringers, mchezaji hupelekwa katika ulimwengu ambao usiku umetoweka. Nuru, tuliyozoea kuiita wema, imekuwa balaa. Adui wake, Emet-Selch, anauomboleza mji wake uliopotea. Mtu aliyepita njia yote huyasikia maneno yake kwa uchungu, maana amekwisha kupigana na wenzake adui huyo pasipo kuuliza wao walipoteza nini. Mtu aliyeruka njia humwona adui tu, akampiga, akaenda zake. Wote wawili wameona picha ile ile. Mmoja tu ndiye aliyeisoma.

Haki yataka tuitaje kasoro pia. Juzuu ya kwanza ni nzito. Mchezaji hutumwa huku na huku kama tarishi, kupeleka barua na kuokota vitu, hata shujaa akafanana na mtoto wa kutumwa dukani. Mwaka 2020 kampuni yenyewe iliziondoa baadhi ya kazi hizo. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Hata hivyo, lele hii ni ndefu kuliko ilivyopasa, na mtu asiyependa kusoma mazungumzo mengi huenda akachoka kabla ngoma haijakolea. Afadhali achoke akiwa hajatoa kitu.

Basi hukumu yangu ni hii: la kwanza usilinunue kabisa. Liko toleo la majaribio lisilo na malipo, lisilo na kikomo cha siku. Mwaka 2023 lilipanuliwa likawa na juzuu tatu za kwanza, hadi daraja la 70. Mchezaji wake hakuruhusiwa kufanya biashara katika soko la wachezaji, lakini hadithi aliipata nzima. Likikuchosha, umepoteza saa chache, si fedha za mzazi wako. Ukilimaliza nawe ungali una hamu, hapo ndipo ununue, tena bila mapambo.

Lakini kumbuka sana: ukiisha kununua, akaunti yako hairudi tena katika majaribio. Siku 30 za kwanza hazina ada. Baada yake, ukijiandikisha kulipa ada ya mwezi ili uendelee, utatozwa takriban dola 13 kila mwezi, ucheze usicheze, mpaka uikatize ada hiyo. Anayenunua wiki moja kabla ya mtihani atalipia mchezo asioucheza, ama ataucheza akalipa kwa mtihani.

Husemwa kuwa rahisi ni ghali. Methali hiyo ni ya kweli kwa kiatu na kwa jembe. Kwa hadithi ndefu kipimo ni kingine: cha kwanza kununuliwa ni kile kitakachosomwa kwanza, na cha mwisho kingoje zamu yake.